Belti Mpya, Tensheni Kuukuu: mhadhara kwa mafundi na madereva wa Malindi

Assalamu alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu mafundi, madereva, na nyinyi vijana wa kike na wa kiume mnaojifunza kazi, hamjambo nyote. Nashukuru mmefunga gereji mapema mkaja kunisikiliza, nami najua saa hizi za jioni ndipo wateja huwa wengi.

Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Hiki hapa nimekishika, wa nyuma mtakipitishiana. Ni tensheni, yaani kikazio, cha belti ya taimingi: puli laini isiyo na meno, ndani yake beringi, na hapa pembeni mkono wenye tundu la springi. Basi. Lakini injini ya shilingi laki kadhaa inategemea kitu hiki kisilegee. Na sisi mafundi wa hapa Malindi tuna mazoea mabaya juu yake: tunafungua injini, tunatoa belti, tunaweka belti mpya, kisha tunairudisha tensheni ileile ya zamani. Mteja analipa, anashukuru, anaondoka. Belti ikikatika kabla ya wakati tunasema belti za siku hizi hazina maana. Mimi nasema mara nyingi belti huuliwa na tensheni, na leo nataka tuelewane kwa nini.

Belti ya taimingi inachukua mzunguko wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni huku chini, na kuupeleka kwenye kamshafti, au kam, mhimili wa huku juu, ili valvu, vile vilango vya hewa na moshi, zifunguke na kujifunga kwa wakati wake. Kranki ikizunguka mara mbili, kam inazunguka mara moja, ndiyo maana puli ya kam ina meno mara mbili ya puli ya kranki. Upande mmoja wa belti daima umekazwa, kwa sababu kranki ndiyo inayovuta. Upande wa pili ndio unaolegea, na tensheni hukaa huko. Kazi yake ni kuukaza huo upande mlegevu, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Hedi na bloku, yaani kichwa na mwili wa injini, zikipata joto hutanuka, kam inasogea mbali kidogo na kranki, belti inakazika. Zikipoa, belti inalegea tena. Juu ya hayo kuna springi za valvu, ambazo zinaisukuma kam mbele na kuizuia nyuma bila kukoma. Kwa hiyo belti haivutwi sawasawa hata dakika moja. Wanaosafiri baharini wanaijua demani ya jahazi, ile kamba ya tanga: ikilegea tanga linapigapiga, ikikazwa kupita kiasi kuna kitu kitakatika. Tensheni ndiyo inayoishika demani hiyo, kutwa kucha.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Puli ya tensheni ikiwa na ukubwa sawa na puli ya kranki, inazunguka sawa na kranki. Matatu inatoka hapa kwenda Mombasa, tuseme saa mbili, injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 360,000 kwa safari moja ya kwenda. Jioni inarudi. Kesho tena. Beringi hii imefungwa, hakuna mahali pa kutia grisi. Grisi iliyotoka nayo kiwandani ndiyo hiyohiyo mpaka mwisho wake. Halafu mtu anataka belti ya pili iende kilomita 100,000 nyingine juu ya beringi iliyokwisha kwenda 100,000. Kwa grisi ipi?

Na mazingira yetu yanazidisha. Hewa yetu ina chumvi, na springi ya tensheni ni chuma. Magari yanayokwenda Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, pikapu zinazobeba samaki maji yakimwagika, hizo springi zake huwa zimeliwa na kutu. Njia za Marafa na Baolala ni vumbi. Upande wa Garsen, Tana ikifurika, magari yanapita kwenye maji ya tope. Kiwandani gari lilipewa kava ya taimingi, kifuniko cha belti, ili hayo yote yakae nje. Lakini fungua boneti za magari yetu uone: kava imeshikwa na boliti mbili, nyingine zimepotea, au kava imepasuka ikaachwa hivyohivyo, au haipo kabisa. Hilo linaniudhi, nasema wazi. Boliti za kava si pambo. Mchanga ukiingia baina ya belti na puli unakuwa msasa.

Nimewaletea na belti hizi za zamani. Zitazameni kwa makini, kwa sababu belti iliyotolewa inakwambia iliteswa na nani, nasi huwa tunaitupa kabla hatujaisoma. Hii hapa imelika ukingo wa upande mmoja tu. Maana yake ilikuwa inakimbilia upande, na kinachoipeleka upande ni puli iliyoinama, yaani beringi inachezacheza au mkono wa tensheni umepinda. Ukiweka belti mpya hapo nayo italika vilevile. Hii nyingine mgongo wake unang'aa kama umepigwa pasi. Hiyo ni puli iliyokuwa inagoma kuzunguka, belti ikaburutwa juu yake. Hii imevimba na inateleza mkononi: ni oili, sili ya kam au ya kranki, ile raba ya kuzuia oili, inavuja, na oili huilainisha raba mpaka meno yanachomoka. Hapo hata tensheni ya dhahabu haitasaidia kama sili haikubadilishwa. Na hii yenye nyufa mgongoni ni joto na umri.

Hili la umri lina jambo lake hapa Kenya. Sheria inaruhusu gari lililotumika liingie likiwa halijazidi miaka 8. Gari linafika kutoka Japani, kilomita zake chache, mwenyewe anafurahi. Lakini raba inazeeka hata gari likiwa limesimama. Tazameni chini ya boneti au kwenye kava: mara nyingi Wajapani hubandika karatasi ndogo ya stika, imeandikwa tarehe na kilomita belti ilipobadilishwa. Maandishi huyasomi, lakini tarakimu unazisoma. Usiibandue hiyo stika unapoosha injini. Kama haipo, chukulia kwamba belti na tensheni ni za siku gari lilipotoka kiwandani.

Twende kwenye kazi yenyewe. Nitaanza na tensheni ya springi, kama iliyoko kwenye injini za Toyota za 4A-FE na 7A-FE, maana nyingi mmezishika. Ondoa waya wa betri. Fanya kazi injini ikiwa baridi, si gari limetoka Kilifi sasa hivi. Leta pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa, na uhakikishe alama ya kranki na alama ya kam zote zimekaa mahali pake. Alama ya kranki peke yake haitoshi, kwa sababu kranki hufika juu mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kam. Hapo ndipo vijana wengi wanapopotea. Legeza boliti ya tensheni, isukume nyuma, toa belti. Kuanzia hapo usiizungushe kranki wala kam.

Tensheni ya zamani izungushe kwa kidole karibu na sikio. Beringi nzima inazunguka kwa uzito kidogo, kimya. Ikizunguka upesi kama pia ya mtoto huku inakwaruza, imekauka. Ikiwa na mikwamo, imekwisha. Lakini sikilizeni: hata ikiwa nzuri, mimi naibadilisha. Naipima ili nijue iliifanyia nini belti, si kwa ajili ya kuirudisha. Na msiioshe puli kwa petroli au dizeli. Mnaitoa ile grisi iliyobaki, mnafurahi imeng'aa, kumbe mmeiua.

Springi nayo ni sehemu ya tensheni. Nimeona fundi ananunua puli mpya anaifunga na springi iliyotanuka. Puli mpya haijikazi yenyewe.

Sasa ufungaji, hapa twende polepole. Weka puli na springi mpya, boliti iache legevu. Belti ianze kwenye kranki, ipande ule upande unaovutwa ikiwa imenyooka bila kulegea, ipite kwenye kam, imalizikie upande wa tensheni. Ulegevu wote ubaki huko. Iachie tensheni, springi yenyewe iisukume belti. Usiisukume kwa bisibisi. Najua mnaisukuma, mnasema ili ikaze vizuri. Springi imepimwa na waliotengeneza injini, mkono wako haujapimwa. Belti iliyokazwa mno inalia gari likiwa mwendoni, na beringi ya wota pampu inakufa mapema pale inapozungushwa na belti hiyo.

Kisha chukua spana, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande uleule injini inakozungukia. Usiguse stata. Ukihisi kitu kimegonga, simama papo hapo, huenda ni valvu na pistoni zinakutana, na kwa mkono bado hujaharibu kitu. Mizunguko miwili ikiisha alama zote zirudi mahali pake. Zikirudi, ndipo unaifunga boliti ya tensheni, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Zisiporudi, fungua uanze upya. Jino moja usilisamehe. Puli ya kam yenye meno 48, jino moja ni nyuzi 7.5 za kam, ambazo ni nyuzi 15 za kranki. Gari litawaka, ndiyo. Lakini litakosa nguvu, litakunywa mafuta, na mwenye gari atazungushwa mjini akiuziwa plagi na nozeli.

Tensheni za oili, kama za injini nyingi za Subaru za EJ na za Toyota za 1KD, ni jambo jingine. Ndani yake kuna oili na pistoni ndogo inayosukuma. Ukitaka kuirudisha ndani unaisimamisha wima kwenye jiriwa, unaikaza taratibu sana, dakika kadhaa, kisha unatia pini kwenye tundu lake. Ukiibana kwa pupa unazipasua sili zake za ndani. Ikiwa unaisukuma kwa kidole gumba nayo inaingia, au imelowa oili kwa nje, hiyo ni taka. Na ile mpya huja na pini yake. Usiichomoe mpaka belti iwe imekaa kwenye puli zote.

Wengine mnaniuliza kama kuna injini ambayo belti ikikatika hakuna hasara, yaani valvu na pistoni hazigongani. Zipo. Hizo 4A-FE na 7A-FE, belti ikikatika gari linazima tu, kwa kawaida valvu hazifikiwi na pistoni. Lakini Subaru nyingi za EJ si hivyo, na injini za dizeli ndizo zenye hatari zaidi, kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno. Madereva wa Land Cruiser za 1HZ mnaopeleka wageni Tsavo kwa lango la Sala, injini yenu ya silinda sita inategemea belti moja, nayo inazungusha kam pamoja na pampu ya dizeli. Dashibodi ina taa ya kukumbusha belti. Taa hiyo inahesabu kilomita tu, haioni vumbi wala kutu. Na kuna watu wanaizima taa bila kubadilisha kitu. Huyo anamdanganya mwenzake atakayelala porini na wageni.

Najua mtasema: mzee, mteja hana pesa, anataka belti peke yake. Nawaelewa. Mwonyesheni belti yake ya zamani, mpeni aizungushe tensheni mwenyewe asikie. Mwambieni kazi ya kufungua ni ileile, akirudi baada ya miezi sita atalipa ufundi mara ya pili. Akikataa bado, mimi kazi hiyo siifanyi. Na msimtafutie tensheni iliyotolewa kwenye injini ya mtumba kwa sababu ni rahisi. Injini ya mtumba nunueni, alternata nunueni, lakini beringi iliyofungwa hujui imebakiwa na nini ndani.

[Dereva mmoja aliuliza kuhusu Probox.]

Ahsante, bwana. Probox yako yenye injini ya 1NZ-FE haina belti ya taimingi, ina cheni, nayo cheni ina tensheni yake inayosukumwa na presha ya oili ya injini. Kwa hiyo hiyo yako uhai wake ni oili safi kwa wakati wake. Asubuhi unapowasha ukisikia mkwaruzo upande wa cheni kwa sekunde chache kisha unapotea, tensheni inachelewa kupata oili au cheni imetanuka. Ilete tuisikilize ikiwa baridi. Ilaze hapa usiku, asubuhi tutaiwasha pamoja.