Kusuka Kikosi Upya: Mnyama Kuelekea Msimu wa 2024/25

Mwenyekiti wa tawi, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama, vijana wote mliofika jioni hii, shikamooni kwa wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Nguvu moja!

Nimeombwa niizungumzie timu yetu ya Simba kabla ya Simba Day, siku ya klabu kutambulisha kikosi, Jumamosi ya tarehe 3 Agosti 2024. Tangu nishuke kwenye bodaboda hapo nje nimeshaulizwa na watu watano swali lilelile: Mwalimu, mwaka huu tunabeba? Nalijibu mapema ili mnisikilize mkiwa mmetulia. Ubingwa wa ligi msimu huu siutarajii. Nafasi ya pili naiona. Kufika mbali Kombe la Shirikisho la Afrika naona inawezekana kabisa. Na nimekuja kuwaomba tukubaliane jambo moja kabla mpira haujaanza.

Tuanzie tulipoangukia. Tulichukua ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Baada ya hapo mtani wetu, Yanga, amechukua mara tatu, na msimu uliopita hata ya pili hatukuipata. Tulimaliza na pointi 69, Azam nao 69, wakatupita kwa tofauti ya mabao. Ndiyo maana wao wanakwenda Ligi ya Mabingwa na sisi tunakwenda Shirikisho.

Tarehe 5 Novemba 2023, tulipocheza na mtani, nilikuwa kibanda umiza, jirani na kwangu. Mbele yangu alikaa kijana wa kama miaka kumi, kavaa jezi nyekundu ya kaka yake, imemfika magotini. Bao la tatu la mtani lilipoingia aliinamisha kichwa. La nne, akaingiza mikono ndani ya jezi. La tano lilipoingia alikuwa ameshavuta kola mpaka juu ya pua, yamebaki macho tu. Hakulia. Mpira ulipoisha alisimama, akakunja lile benchi la plastiki kama alivyoagizwa na mwenye kibanda, akatoka. Tano kwa moja. Nimeyaona mengi katika timu hii, lakini yale macho sijayasahau.

Siku mbili baadaye kibarua cha kocha wetu Robertinho kikaota nyasi. Nami nilishangilia, nasema wazi mbele yenu. Nilikuja kukaa nikafikiri baadaye sana. Ule ulikuwa mchezo wake wa kwanza kupoteza kwenye ligi tangu aje kwetu. Aprili ya mwaka huohuo alikuwa amemfunga mtani mbili bila, kwa mabao ya Inonga na Kibu. Agosti alikuwa amechukua Ngao ya Jamii, kombe la kufungua msimu, pale Mkwakwani, kipa wetu Ally Salim akipangua penalti. Mchezo mmoja ukafuta yote.

Hebu tuhesabu makocha pamoja tangu mwanzoni mwa 2021. Gomes. Pablo Franco. Zoran Maki, ambaye hata hatukuwahi kumzoea. Mgunda. Robertinho. Benchikha, aliyetwaa Kombe la Muungano Zanzibar mwezi Aprili akaaga palepale. Mgunda tena. Sasa anakuja Fadlu Davids. Kila mmoja alikuja na mfumo wake, akataka wachezaji wake, na kila alipoondoka alituachia watu waliosajiliwa kwa mpira wa mtu ambaye hayupo. Kikosi kilichomaliza nafasi ya tatu kilikuwa na viraka vya makocha wanne au watano. Msiniambie tatizo lilikuwa miguu ya wachezaji peke yake.

Najua hampendi nikimtaja mtani kwa mema, ila nivumilieni kidogo. Kocha Nabi alifika Jangwani, kwa mtani, Aprili 2021. Msimu ule tukachukua ligi sisi. Julai tukamfunga fainali ya Kombe la FA kule Kigoma, bao la Taddeo Lwanga. Septemba Rivers United wakamtoa Ligi ya Mabingwa, nyumbani na ugenini. Hapa kwetu angekuwa ameshakata tiketi ya ndege. Wao wakamwacha. Wakachukua ligi mara mbili, na 2023 wakacheza fainali ya Shirikisho. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kikosi. Kaondoka nahodha Bocco, kaondoka Inonga, Saido, Luis Miquissone. Na kaondoka Chama, tena kavuka barabara kwenda kulekule. Wapo humu ambao hadi leo hawataki kulisikia jina lake. Mimi nasema bao lake dhidi ya AS Vita ya Kongo Machi 2019, dakika za mwisho, lililotupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ni letu na litabaki letu. Lakini kwa miaka mingi tulizoea kumpa Chama mpira kisha tukasubiri miujiza. Timu inayosubiri miujiza ya mtu mmoja, siku akibanwa inasimama. Kuondoka kwake kunamlazimisha kocha atafute njia nyingine ya kufika golini, na hilo silioni kuwa msiba.

Anayeletwa kucheza pale katikati nyuma ya straika ni Jean Charles Ahoua, mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast msimu uliopita. Wazee, mmesikia anatoka klabu gani? Stella Club ya Adjamé. (Naona Mzee ameshatikisa kichwa.) Kwa vijana: mwaka 1993 tulifika fainali ya Kombe la CAF. Abidjan tukatoka suluhu. Tukasema kombe liko nyumbani, mji mzima ukajiandaa kwa sherehe. Stella wakaja Dar es Salaam wakatufunga mbili, wakaondoka nalo. Miaka 31 baadaye mchezaji wao bora anavaa nyekundu yetu. Siweki ushirikina hapa, ila moyo wangu umelipenda jambo hilo.

Mwingine ni Joshua Mutale, winga kutoka Power Dynamos ya Zambia. Hao mnawakumbuka: mbili mbili kule Ndola, moja moja hapa, tukapita kwa bao la ugenini huku roho mkononi. Mbele kuna Steven Mukwala, Mganda aliyekuwa Asante Kotoko. Katikati wameingia Debora Fernandes na Augustine Okejepha. Abdulrazack Hamza amerudi nyumbani kutoka SuperSport ya Afrika Kusini, Valentino Mashaka katoka Geita Gold. Wengi wao ni vijana. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko majina yenyewe, maana kwa misimu mitatu tulikuwa tunasajili watu waliokwishafika kileleni, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka tu.

Hofu yangu ni kwenye beki wa kati. Che Malone alizoeana na Inonga. Sasa anapata mwenzake mpya, na kuelewana kwa mabeki hakununuliwi dirishani. Nafurahi pembeni wamebaki Tshabalala na Kapombe, wanaoujua uwanja wa Mkapa gizani. Hofu ya pili ni wingi wa wageni kwa mpigo. Tunasema "kusuka kikosi", na mimi nimelelewa na bibi aliyesuka mikeka. Miyaa mibichi hakuigusa. Aliianika, akaichana, akailoweka, akasuka ukili siku nyingi, na hapo bado huna mkeka, una ukanda mrefu tu unaosubiri kushonwa. Mtu akipita akauliza mkeka uko wapi, bibi hakujibu. Sasa hivi timu iko Ismailia, Misri, na kinachosukwa kule ni ukili.

Kuhusu kocha, Fadlu Davids alikuwa msaidizi pale Raja Casablanca walipochukua ligi ya Morocco msimu uliopita bila kupoteza mchezo. Na sisi tunamfahamu zaidi ya tunavyodhani. Aprili 2022, robo fainali ya Shirikisho, Orlando Pirates walitutoa kwa penalti kule Soweto baada ya Kapombe kutupa bao hapa. Mmoja wa makocha wawili waliokaa kwenye benchi lao siku ile ni huyu huyu. Wakafika fainali.

Kwa hiyo mnapokwenda Mkapa Jumamosi, msiangalie mabao tu. Angalieni tukipoteza mpira, wanachukua muda gani kuuwania tena. Angalieni kama Ahoua anapokea akiwa ameshageuka kulitazama goli. Angalieni nani anaongea kule nyuma.

Kisha siku tano baadaye, tarehe 8, ni mtani, Ngao ya Jamii. Yeye ana timu iliyokaa pamoja, sisi tuna watu wanaojuana kwa wiki chache. Tunaweza kushinda, na nitakuwa uwanjani nikipiga kelele kama mtu mwingine yeyote. Tunaweza pia kufungwa. Jambo ninaloomba tukubaliane ni hilo: siku ile ikienda vibaya, pasitoke tawi hili barua, wala sauti redioni, ya kumtaka kocha aondoke. Mwenyekiti, naomba iandikwe kwenye muhtasari.

Nimeshamwambia mwenye funguo. Tarehe 9 asubuhi, matokeo yawe yoyote, mlango huu ufunguliwe saa moja na bendera ipandishwe. Yule kijana wa kibanda umiza nimemwomba kwa mama yake, amekubali. Yeye ndiye atakayeivuta kamba.