Anayeongoza Okestra Anafanya Kazi Gani?

Mabibi na mabwana, ndugu zangu walimu wa kwaya, asanteni kwa kuja. Kabla sijasema lolote nina ombi. Wekeni chini kalamu na simu, mpige kofi moja tu, wote kwa pamoja. Mimi nitakaa kimya. Haya.

Mmejisikia wenyewe. Lile halikuwa kofi moja, ilikuwa mvua ya mawe juu ya bati. Sasa nitazameni mkono. Sitahesabu wala sitasema neno. Nitavuta pumzi, mkono utapanda, utashuka. Haya tena.

Hilo sasa ni kofi moja. Na angalieni jambo hili: hamkungoja mkono ufike chini ndipo mpige. Mlijua utafika lini tangu ulipoanza kupanda. Watu wengi wakiitazama okestra kwenye televisheni hudhani yule aliyesimama mbele anaufuata muziki kwa mikono, kama mtu anayecheza. Kumbe yeye yuko mbele ya muziki wakati wote. Anachokionyesha sasa ni kile kitakachosikika baadaye kidogo.

Lakini swali ninaloulizwa mara kwa mara bado liko palepale, na ni swali la haki. Wapigaji wamesoma miaka mingi, nota zao wanazo, na yule hapigi chochote. Basi wa nini? Nitalijibu mapema, halafu nilitetee jibu langu: yuko pale kwa ajili ya sikio lake. Mkono tunaouona ni chombo cha sikio hilo.

Chukueni Simfoni ya 5 ya mtunzi Mjerumani Beethoven, yaani kipande kirefu cha okestra chenye sehemu nne, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Mwanzo wake hata asiyejua lolote la muziki wa Ulaya ameshausikia: nota tatu fupi, moja ndefu. Wasichojua wengi ni kwamba muziki ule unaanza na kimya. Kipimo cha kwanza, yaani kile kilicho kabla ya mstari wa kwanza wa kugawa nota, kina nafasi nne. Ya kwanza ni tupu, kisha ndiyo zinakuja nota tatu. Kwa kasi aliyoiandika Beethoven mwenyewe, nafasi hiyo tupu ni kama sehemu ya saba ya sekunde. Fidla, ndugu zake wakubwa viola, selo na besi, pamoja na klarineti ya kupuliza, pengine watu hamsini, wanatakiwa wauruke ufa huo kwa pamoja na kutua pamoja. Hakuna ngoma wala tarumbeta ya kuwafunika. Mkono ukiyumba, mmoja atatangulia na ukumbi mzima utamsikia.

Halafu ile nota ndefu. Juu yake pana alama inayosema: ishikilieni. Muda gani? Hakuandika. Nota ndefu ya pili ameiongezea kipimo kizima, kwa hiyo tunajua aliitaka izidi ya kwanza. Izidi kiasi gani, hapo lazima mtu aamue. Ukiwauliza wapigaji hamsini utapata majibu hamsini, na huenda yote ni mazuri. Anaamua mmoja, na anaamua kwa kusikiliza. Ukumbi huu una mwangwi au umekauka? Sauti imeshakufa, au bado inazunguka darini? Mimi siwapendi wanaoirefusha nota ile ili tuwatazame wao. Ukimsikiliza kwa makini mwongozaji mzuri, utagundua kwamba anaiachia pale chumba kinapoiachia.

Tuje kwenye umbali, jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Okestra kubwa ina watu 80, 90, hata 100. Kutoka fidla za mbele hadi ngoma za nyuma inaweza kufika mita 17. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo inachukua sehemu ya ishirini ya sekunde kufika kule nyuma. Mpiga ngoma akingoja azisikie fidla ndipo apige, ameshachelewa kwa muda huo. Pigo lake nalo linasafiri umbali uleule kurudi mbele. Msikilizaji atalipata limechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, karibu sawa na kile kimya cha Beethoven. Ndiyo maana mpiga ngoma wa okestra hujifunza kuliamini jicho lake kuliko sikio lake. Mkono unaonekana nyuma papo hapo unapotikisika mbele.

Na si yeye peke yake asiyesikia sawasawa. Mtu wa viola aliyeketi mbele ya tarumbeta husikia tarumbeta, basi. Kila mpigaji anausikia muziki kutoka pale alipoketi, na kila kiti kina ukweli wake mdogo. Wanaopenda taarab asilia wataniuliza mbona mafundi wetu wa Zanzibar wanaelewana bila mtu wa mbele. Wanaelewana kwa kuwa fidla, akodioni na ganuni huusuka wimbo mmoja, kila mmoja na madoido yake, na midundo inawashika. Katika simfoni mtu mmoja ana wimbo, wa pili ana nusu ya wimbo mwingine, wa tatu amekaa kimya. Katika Simfoni hiyohiyo ya 5, watu wa tromboni, ala kubwa ya kupuliza, hukaa zaidi ya dakika ishirini bila kupiga hata nota moja. Zamu yao ni sehemu ya nne, ya mwisho, na wanaingia kwa nguvu zote. Wanajua kuhesabu, naam. Hata hivyo, mwongozaji akiwageukia kidogo kabla ya wakati wao na kuwatazama usoni, wanaingia kwa namna nyingine kabisa.

Usiku wa onyesho ndio tunaouona, lakini sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla yake, kwenye mazoezi. Hapo anakuja na kitabu chenye nota za ala zote, mistari ishirini au zaidi kwenye ukurasa mmoja, anaisoma kwa mkupuo. Na kabla ya mazoezi ameshakaa nacho peke yake mpaka muziki unasikika kichwani mwake. Kisha anasimama mbele ya watu na kulinganisha kile alichokisikia kichwani na kinachomfikia sasa. "Honi, punguzeni, simsikii obo," akiwaambia wapuliza ala. "Fidla za pili, wimbo uko kwenu hapa, msiuonee haya." "Selo, malizeni nota hiyo pamoja na besi." Wengi wetu tunaofundisha kwaya tunajua kuanzisha wimbo, lakini nani anasikiliza jinsi nota inavyokwisha? Wapigaji humjua mtu haraka sana. Akisimamisha muziki bila kuwa na la kusema, wanamjua. Akisimamisha, akasema neno moja, wakarudia na sauti ikabadilika, watamfuata popote.

Kusimama mbele na kijiti si desturi ya kale sana. Zamani kikundi kiliongozwa na mpiga kinanda au mpiga fidla wa kwanza, hukohuko kwenye kiti chake. Ufaransa, mtunzi Lully aliongoza kwa kugonga sakafu kwa fimbo ndefu. Mwaka 1687 akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa. Karne ya 19 ilipokuza okestra, na watunzi wakaanza kubadilisha kasi katikati ya kipande, kiongozi wa kwenye kiti hakutosha. Mtunzi Mendelssohn aliishika okestra ya Leipzig, Ujerumani, mwaka 1835 akiwa na kijiti mkononi. Mwaka 1910, mjini Munich, mtunzi Mahler aliongoza Simfoni yake ya 8 mbele ya waimbaji na wapigaji zaidi ya elfu moja.

Ushahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni wa tarehe 7 Mei 1824, Vienna. Siku hiyo Simfoni ya 9 ya Beethoven ilipigwa kwa mara ya kwanza. Beethoven alisimama jukwaani akionyesha kasi. Hakuna mtu duniani aliyeujua muziki ule kama yeye, kila nota ilitoka kwake. Lakini alikuwa kiziwi. Michael Umlauf, aliyekuwa kiongozi halisi, alikuwa amewaambia waimbaji na wapigaji wasimfuate Beethoven, wamfuate yeye. Makofi yalipopigwa, mwimbaji Caroline Unger alilazimika kumgeuza Beethoven ili ayaone. Kila nikisimulia habari hii moyo unaniuma. Elimu alikuwa nayo, mikono alikuwa nayo, heshima ya kila aliyekuwepo alikuwa nayo. Alichokosa ni kile kimoja, na bila hicho okestra haikuweza kuwa mikononi mwake.

Karibu na kwetu yupo Armand Diangienda wa Kinshasa, rubani aliyepoteza kazi, ambaye mwaka 1994 alianzisha okestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu. Fidla zilikuwa chache, watu wakipokezana, na nyuzi zilipokatika walifunga waya za breki za baiskeli. Watu wale waliifikia Simfoni ya 9. Mwongozaji wa namna hiyo hakuti okestra iliyokwisha kupikwa. Anaifundisha kusoma, kupiga, kisha kusikilizana, na mimi namhesabu miongoni mwa wakubwa.

Wapo waliojaribu kuishi bila mwongozaji, na walifanikiwa. Moscow, kati ya 1922 na 1932, kulikuwa na Persimfans, walioketi kwa duara ili waonane. New York kuna Orpheus, tangu 1972. Wanahitaji mazoezi mengi zaidi, kwa kuwa kila uamuzi unajadiliwa. Lakini tazameni wanachofanya Orpheus: kwenye mazoezi mmoja wao huweka ala yake chini, anashuka kuketi ukumbini, anasikiliza, anarudi kuwaambia wenzake nini kinasikika huko.

Basi walimu wenzangu, Jumamosi hii kwenye mazoezi mpeni mwanakwaya mmoja mkono aongoze, nanyi mwende kuketi benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Sikilizeni maneno ya sauti ya tatu yanafika au yanaishia njiani. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na mama pale nyuma.