Gari ya tabo ya zamani inavuja oili na injini inagonga: pima hivi kabla hujanunua tabo nyingine

Haya wakuu karibuni, leo tuna gari ya tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), ya zamani, imeshatembea sana, na ina malalamiko mawili, inadondosha oili na injini inagonga. Wengi wakifika hapa wanakimbilia kununua tabo. Tulia kwanza, usinunue hata skrubu, maana kwenye injini za tabo kuvuja na kugonga mara nyingi chanzo chake ni kimoja na ukivitibu mbalimbali unalipa mara mbili.

Tuanze na dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili. Gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa kama dakika kumi hivi ili oili ishuke chini, chomoa, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Ikiwa chini ya alama ya chini usiwashe hiyo gari, jaza kwanza. Oili ikipungua kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, ukikata kona au ukifunga breki yote inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa badala ya oili, presha inaanguka, na wa kwanza kuumia ni beringi za konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) na ile tabo yenyewe, ambayo shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikielea juu ya oili tu. Kwa hiyo kuna gari inagonga leo kwa sababu ilivuja miezi mitatu iliyopita na mwenyewe hakufungua boneti. Oili ikiwa na rangi ya maziwa hapo maji yameingia, hiyo ni kesi nyingine.

Sasa kutafuta uvujaji. Usiangalie chini kwanza, angalia juu. Oili inashuka, halafu upepo ukiwa barabarani unaisukuma nyuma, ndo maana unaona sampu yote imelowa fundi anakuambia gasketi ya sampu kumbe inatoka tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Osha injini na dawa ya kuondoa grisi, funika koili na altaneta usije ukaleta balaa lingine, kausha, endesha kidogo, rudi na tochi. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndo mkosaji. Kama bado huoni, kuna rangi ya kuchanganya kwenye oili inayong'aa ukiimulika na taa ya UV, haidanganyi hiyo.

Pita haraka: tapeti kava, swichi ya presha ya oili, gasketi ya pale filta inapokaa, nati ya kumwagia oili, sili ya mbele ya krenki. Ikitokea katikati ya injini na giaboksi, hiyo ni sili ya nyuma ya krenki, kuibadilisha mpaka giaboksi ishuke, kwa hiyo usikubali kirahisi kabla ya kipimo kinachofuata.

Hiki sasa ndo kipimo ninachokipenda na mafundi wengi wanakiruka. Washa gari, iache sailensa, usikanyage mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili halafu weka glovu ya mpira izibe lile tundu. Kwenye injini nyingi za petroli glovu inatakiwa inyonywe kidogo kwenda ndani. Ikijaa hewa ikasimama na vidole vyote, ndani ya injini kuna presha ambayo haina pa kutokea. Ama valvu ya PCV (inayotoa hewa chafu ndani ya injini) na mabomba yake yameziba na masizi, ama ringi za pistoni zimechoka. Presha hiyo inasukuma oili kwenye kila sili dhaifu, utabadilisha sili leo na mwezi ujao inavuja tena. Na kwenye tabo ndo mbaya zaidi, maana oili ya tabo inarudi kwenye sampu kwa kushuka yenyewe tu, hakuna pampu ya kuirudisha, sampu ikiwa na presha oili inakwama ndani ya tabo na inatafuta njia, inaingia upande wa hewa au upande wa ekzosi, moshi wa bluu huo, halafu tabo inahukumiwa bure. Safisha au badilisha PCV kwanza, hakikisha na lile bomba la kurudishia oili halijakunjika wala kuziba, ndo uje kwenye tabo.

Tabo yenyewe, injini ikiwa imepoa na imezimwa, fungua hozi ya hewa ushike shafti na vidole. Ikicheza kidogo sana kushoto kulia ni kawaida. Ikicheza ndani nje unaisikia kabisa, au mapanga yamekwaruza nyumba yake, imekwisha, hapo hatubishani. Chungulia pia hozi ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), ulowevu mwembamba wa oili sio tatizo, dimbwi ni tatizo.

Na hapo ndo kuvuja kunakutana na kugonga. Oili ikiingia na hewa kwenye silinda za injini ya petroli inashusha uwezo wa mafuta kuvumilia joto na mgandamizo, yanalipuka kabla ya wakati wake, unasikia kama changarawe zinatikiswa ndani ya kopo, hasa ukipanda mlima au tabo ikisukuma. Huo mlio unakuja na mzigo, ukiachia mafuta unapotea. Sababu nyingine ni mafuta ya oktani (kiwango cha petroli kuvumilia mgandamizo) ndogo kuliko yanayotakiwa, kaboni kwenye pistoni, plagi za namba isiyo yake, au mtu aliyechezea presha ya tabo. Usiendelee kukanyaga gari ikiwa hivyo, pistoni zinatoboka kweli.

Mlio mwingine ni wa chuma. Tiki tiki nyepesi juu ya injini asubuhi ikiwa baridi kisha inaisha, tapeti hiyo, au ekzosi inapumua kwenye gasketi na ikipata moto inaziba. Ila ukisikia ngo, ngo, ngo nzito inatoka chini, inazidi injini ikipata moto, piga resi kidogo mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika halafu achia, ikipiga zaidi pale inaposhuka basi shuku beringi ya konrodi. Weka bisibisi ndefu kwenye bloku, sikio kwenye mpini, mbali na feni na mikanda tafadhali, nguo na nywele zifungwe. Halafu chomoa plagi ya umeme ya nozeli (zinazopulizia mafuta kwenye silinda) moja moja, silinda ambayo ukiikata mlio unapungua, ndo hiyo. Kwa dizeli ya komoni reli (mfumo wa mafuta wenye presha kubwa sana) usilegeze mabomba ya nozeli, ile presha inapenya ngozi.

Thibitisha na geji. Toa swichi ya presha, funga geji ya kupimia, injini iwe moto. Kipimo cha mafundi ni kama psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ila kitabu cha gari yako ndo mwamuzi. Usingoje taa ya dashibodi, ile inawaka presha ikishaisha. Ukikata filta ukafungua karatasi yake ukakuta vumbi linalong'aa ambalo sumaku hailishiki, ni beringi inakulika, zima gari, usiifikishe kwa fundi ikijiendesha, ivute.

Ikiwa presha iko sawa na tabo ndo ilikuwa inakosa oili, fungua bomba linaloileta, angalia ile bolti yake yenye tundu, kwenye baadhi ya gari ina kichujio kidogo ndani na kinaziba kabisa na tope. Safisha, weka washa (zile pete za kuzibia) mpya pande zote mbili. Kabla ya kuwasha chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde chache chache mpaka geji inyanyuke, oili ifike kwenye tabo kabla haijazunguka. Rudisha fyuzi, washa, iache sailensa, shika tochi umulike ile bolti.