Ushindi wa Ziwa Tanganyika ulipatikana nchi kavu

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie utumishi wa Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza aliyeongoza vita vya Ziwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na najua wengine mmekuja kusikia habari za sketi. Basi tuimalize mapema. Ndiyo, huku kwetu alivaa sketi ya khaki, tena mwili wake ulijaa tatuu, na watu wa Lukuga, upande wa Kongo, wakamkodolea macho. Imekwisha hiyo. Kila vita hivi vinaposimuliwa, sketi inakula nusu saa na wapagazi wanaambulia sentensi moja. Mimi jambo hili linanikera, na sitaacha kulisema.

Mtu mwenyewe alizaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshini akiwa na miaka 14. Kazi aliyoimudu hasa ni upimaji wa maji na uchoraji wa ramani: alipima mto Yangtze kule China, baadaye mto Gambia. Kwenye manowari mambo hayakumwendea vizuri. Novemba 1914 alikuwa na kikosi cha vyombo vidogo kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Nyambizi ya Wajerumani ikaizamisha Niger, manowari ya kikosi chake, mbele ya mji wa Deal, yeye akiwa pwani. Wakubwa wakamweka ofisini London.

Huko ndiko bahati ilikomkuta. Aprili 1915 mwindaji mmoja, John Lee, alifika London akiwa na habari na mpango. Habari: Wajerumani wametawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao Hedwig von Wissmann na Kingani, na wanapitisha askari watakako. Mpango: boti za mwendo kasi zishushwe Cape Town, zipande treni hadi Katanga, katika Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji, zivushwe milima ya Mitumba, zitokee ziwani. Wazo ni la Lee, njia ni ya Lee. Boti zilipofika Afrika Lee alikuwa anakaribia kuondolewa msafarani, na leo ukiuliza mtaani hakuna anayemjua. Spicer-Simson alipewa uongozi kwa sababu maafisa wengine walikuwa na kazi nyingine.

Boti zilikuwa mbili, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa mita 12 hivi. Ziliondoka Uingereza Juni 1915. Treni iliishia Fungurume, kaskazini-magharibi ya Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Na hapa, ndugu zangu, naomba tukae kidogo.

Kutoka Fungurume hadi Sankisia ni kama kilomita 235. Barabara hakuna. Kuna msitu, makorongo, na milima inayopita mita 1,800. Msafara ulianza katikati ya Agosti, ukafika Sankisia mwishoni mwa Septemba. Wiki sita! Mbele ya boti walitangulia watu wa Katanga wenye mashoka na majembe: wanaangusha miti, wanang'oa visiki, wanajaza mashimo, wanatandika magogo kwenye makorongo yawe madaraja. Nyuma yao zinakuja trekta mbili za mvuke zikivuta boti juu ya matela. Trekta ikilemea, daraja linatitia, kuni na magogo yanatafutwa upya, kazi inaanza tena. Mlima ukiwa mkali trekta zinashindwa, wanafungwa maksai, makumi kwa makumi. Maksai wakishindwa, zinafungwa kapi kwenye miti mikubwa, kamba zinapitishwa, watu wanavuta. Kushuka upande wa pili ni balaa kubwa kuliko kupanda, maana sasa boti ndiyo inayotaka kuwavuta watu bondeni.

Kisha maji. Ilikuwa kiangazi, na trekta ya mvuke bila maji ni chuma kitupu. Wakaitwa wanawake wa vijijini, wakachota maji mbali, wakayaleta kichwani kwenye mitungi, yakamiminwa kwenye boila. Hebu litazameni jambo hili kwa macho ya akili zenu. Jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani limesimama porini, linangoja mama na mtungi wake. Mama akichelewa, Uingereza haisogei.

Mtu ataniambia: "Mwalimu, hata hivyo aliyeamuru ni Kamanda." Kweli aliamuru, na sitamnyima ushupavu. Lakini kazi ya usafirishaji pale porini iliangukia mikononi mwa Luteni Wainwright, na nguvu zilitoka kwa watu wa Katanga. Mwingine atasema hawakuwa na hiari, Mbelgiji alikuwa nyuma yao. Hilo silibishi, nalo linaniongezea hoja: kama walivutishwa kamba kwa amri ya watu wengine, katika vita vya watu wengine, basi ndio wa kwanza kutajwa. Nishani zilipogawiwa, Spicer-Simson alipata DSO, nishani kubwa ya Uingereza kwa maafisa, na maafisa na mabaharia wake wakapata zao. Waliochota maji hawakuwamo.

Toka Sankisia ilikuwa reli fupi hadi Bukama, kisha mto Lualaba uliokuwa umekauka, boti zikawa zinakwama mchangani na kusukumwa tena, kisha reli ya Kabalo hadi Lukuga, Kalemie ya leo. Mwishoni mwa Oktoba ziliona ziwa.

Vita vyenyewe nitavipitia haraka kwa sababu vyenyewe vilikuwa vya haraka. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitokea. Mzinga wake ulitazama mbele tu, boti zikaijia kwa nyuma, na baada ya dakika 11 ilikuwa imetekwa. Wakaipa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Piga hesabu mwenyewe: dakika 11 majini, wiki sita milimani.

Ikabaki meli ya Wajerumani Graf von Goetzen, kubwa kuliko zote, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Spicer-Simson alikataa kuikabili, na maafisa wake walivunjika moyo. Mimi simlaumu kwa hilo. Boti zake zingepondwa. Namlaumu kwa Bismarckburg, Kasanga yetu, Juni 1916, alipoiona ngome akageuza, na Wajerumani wakatoroka usiku na majahazi. Goetzen waliizamisha Wajerumani wenyewe Julai, mitambo wakiwa wameipaka grisi isile kutu; baadaye ikaopolewa, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba.

Baada ya hapo alirudishwa kwao akiwa mgonjwa, na hakupewa tena kuongoza vita. Tangu 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa Ofisi ya Kimataifa ya Hidrografia, yaani upimaji wa maji, kule Monaco, kazi iliyomfaa tangu siku za Yangtze na Gambia. Alifariki Kanada mwaka 1947. Nilikusudia kueleza habari za ndege za Wabelgiji zilizoishambulia Kigoma, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali, na atakayeanza na sketi nitamrudisha Mitumba.