Mvua Inasingiziwa: Vioo vya Ndege na Kiangazi cha Dodoma

Ndugu mafundi, kila Januari lawama ni zile zile: mvua imebandua utando wa kinga kwenye kioo. Nasema tena, na mtanivumilia, mvua inakuja kumalizia tu. Kazi ilianza Juni, hapa hapa Dodoma, ndege imeegeshwa juani na mtu kashika tambara kavu.

Sibezi nguvu ya tone. Kwa kasi ya Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria, mita 90 hivi kwa sekunde, tone likigonga uso kwa uso akriliki, yaani plastiki ya kioo cha ndege, husukuma kwa shinikizo la megapaskali zinazokaribia 100, kama mara 400 ya upepo wa tairi la gari dogo. Muda wake haufiki sehemu moja ya milioni ya sekunde, lakini matone ni maelfu. Utando mzima huhimili hayo kwa muda mrefu. Wenye mkwaruzo hauwezi: tone likipasuka, maji hukimbia pembeni, hukuta ukingo wa mkwaruzo, huunyanyua, na kuanzia hapo utando unamenyuka vipande vipande.

Mkwaruzo umetoka wapi? Namjua atakayesema vumbi letu ni laini kama unga wa muhogo. Laini kwa kidole! Ndani yake mna chembe za kwatsi, madini ya mchanga, ngumu kuliko akriliki, na utando wenyewe ni mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Ukisugua kikavu unapiga msasa, tena unazalisha umeme tuli na kioo kinavuta vumbi jingine. Kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, usiguse. Vua pete na saa. Pitisha kiganja kitupu maji yakitiririka, usikilizie chembe. Ndipo sabuni isiyo kali, kitambaa safi cha pamba, mistari iliyonyooka, kisha suuza. "Maji Dodoma ni shida." Haya, ndoo ya maji na kioo kipya, kipi ghali?

Petroli, thina, asetoni, dawa ya vioo yenye amonia: hapana. Akriliki iliyobanwa kwenye fremu ikiguswa na hizo hupata vijiufa ambavyo huvioni mpaka umulike tochi kwa upande.

Jua niliseme haraka, muda umekwisha. Mionzi ya urujuanimno hulegeza mshiko wa utando, na mara nyingi hubanduka kuanzia kingoni. Turubai husaidia, ila ukifunika kioo chenye vumbi, upepo utakupigia msasa usiku kucha. Na kioo chenye utando msiking'arishe kwa dawa ya kusugulia kama akriliki tupu, mtaumaliza. Kilichomenyuka mbele ya macho ya rubani kipimeni kwa mipaka ya kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo, kabla haijaruka.