Msiba wa Mama Mkorea Ughaibuni

Mabibi na mabwana, ninayemzungumzia leo ni mtoto wa Kikorea aliyekulia Marekani, ambaye lugha, mapishi na hata jamaa wa Seoul au Busan alivijua kupitia kwa mama yake, na sasa mama huyo amefariki dunia. Wako wengi wa hali hiyo, kwa kuwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilipofuta mgawo uliowabana watu wa Asia, familia za Kikorea zilihamia kwa wingi Los Angeles, New York na kwingineko. Baada ya mazishi, hofu inayomkaba mfiwa ni kwamba hana tena haki ya kujiita Mkorea.

Naamini kwa dhati kwamba hofu hiyo haina msingi, kwa sababu mila ya Kikorea humkabidhi mfiwa kazi. Katika tambiko liitwalo jesa, ambalo kwa desturi hufanyika kila mwaka usiku wa kuamkia kumbukumbu ya siku aliyofariki marehemu, wafiwa huandaa wali, supu, samaki, nyama na matunda, humimina pombe, husujudu, na huchomeka kijiko wima katika bakuli la wali ili marehemu ale. Kisha walio hai hugawana chakula hichohicho. (Ndiyo maana mama wa Kikorea humkemea mtoto anayechomeka kijiko hivyo siku za kawaida.) Familia za Kikristo, ambazo ni nyingi sana Marekani, mara nyingi hufanya ibada ya kumbukumbu mahali pa tambiko, na sioni kwamba Ukorea wao umepungua kwa hilo.

Zamani tambiko liliongozwa na mwana wa kiume wa kwanza, nalo binti alilipikia tu. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliamua kwamba, warithi wasipoafikiana, haki ya kusimamia matambiko ni ya mkubwa kwa umri kati ya watoto wa marehemu, awe mwanamume au mwanamke. Kwangu mimi uamuzi huo una uzito mkubwa, kwani binti wa kwanza anayemlilia mama yake hahitaji tena kusubiri ndugu yake wa kiume aongoze.

Lililo gumu zaidi ni siku ya kuzaliwa kwa mfiwa mwenyewe. Wakorea hunywa supu ya mwani siku hiyo, supu ileile anayopewa mama aliyetoka kujifungua, na kwa kawaida mama ndiye huipika. Mfiwa asiyejua kuipika asibaki na uchungu huo peke yake, bali aende kwa wanawake wazee wa kanisa lake au wa mtaa wake. Kimjang, kazi ya kutengeneza kimchi (mboga zilizochachushwa) ya majira ya baridi na kugawiana, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2013, hufanywa na ndugu na majirani kwa pamoja. Wazee hao walijifunza mambo haya kwa mikono ya wengi, na mama yake vilevile.