Hekalu la Thanjavur: Someni Kitako Chake Kwanza

Ndugu zangu, tumalizane na kivuli kwanza. Inasimuliwa kwamba mnara wa hekalu la Brihadisvara la Shiva, mungu wa Wahindu, pale Thanjavur katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kivuli chake hakifiki chini. Kinafika. Mnara wa mita 60 hivi, jua la asubuhi likiupiga ubavuni, utakosaje kivuli? Na kuba la juu, linalosifiwa kuwa jiwe moja la tani 80, ni mawe kadhaa yaliyounganishwa. Nimeyasema haya mara nyingi na nitaendelea kuyasema, maana wanaotazama juu wanalipita lililo muhimu kuliko yote, nalo liko usawa wa kiuno.

Kitako cha hekalu kimejaa maandishi ya Kitamil. Mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa kifalme wa Chola, aliyetawala 985 hadi 1014, aliamuru kwamba alichotoa yeye, alichotoa dada yake mkubwa Kundavai, walichotoa wake zake na watu wengine, vyote vichongwe kwenye jiwe. Mnalo daftari la hesabu lenye miaka elfu moja. Hadi karne ya 19 mjenzi alitajwa kwa ngano tu. Maandishi yaliposomwa, jina la Rajaraja likathibitika.

Chukueni taa moja ya kuwaka daima, inayowashwa kwa samli. Mtoaji hakuleta samli. Alitoa kondoo majike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa kufugwa 16. Pigeni hesabu: ng'ombe mmoja ni sawa na kondoo wawili, nyati mmoja sawa na kondoo sita, kwa kuwa maziwa yake ni mengi na yana mafuta. Mifugo anakabidhiwa mchungaji anayetajwa kwa jina, naye anadaiwa samli ya ulakku moja kila siku, yaani robo ya nazhi (vyote ni vipimo vya ujazo), kwa kipimo cha hekalu lenyewe kiitwacho Adavallan, jina la Shiva anayecheza ngoma.

Mtaniuliza: kondoo wakifa je? Maandishi ya Chola yanawaita kondoo "wasiokufa wala kuzeeka". Msikimbilie kusema ni muujiza! Hilo ni sharti la mkataba. Idadi ya kwenye jiwe haishuki: akifa mmoja, mchungaji anaziba pengo kwa waliozaliwa. Mchungaji mwenyewe akishindwa, wapo ndugu zake walioandikwa kuwa wadhamini. Taa ikizimika, anajulikana wa kuulizwa.

Mwingine atasema hayo ni mambo ya wafalme, wanyonge hawamo. Wamo. Wanawake 400 wacheza ngoma wa hekalu wameorodheshwa mmoja mmoja: jina, hekalu alikotolewa, mtaa, safu na nyumba yake. Kila mmoja alipewa nyumba na mpunga wa kalam 100 (kipimo cha nafaka) kwa mwaka. Akifa, fungu linakwenda kwa jamaa wa karibu anayeiweza kazi. Asipokuwepo, anachaguliwa mwingine.

Sasa sikilizeni namna ya kuyanakili. Sugua jiwe kwa brashi na maji. Bandika karatasi yenye unyevu, uigonge kwa brashi ngumu mpaka izame ndani ya herufi, kisha gusagusa wino juu yake kwa kitambaa kilichofungwa pamba. Herufi zitabaki nyeupe katikati ya weusi. Karatasi ikilowa mno inachanika. Wino ukizidi unaingia mashimoni na mstari umepotea. Ukitaka kusoma tu kwa macho, njoo jua likiwa chini, mwanga uje kwa upande.

Adui mkubwa ni usafi wa haraka. Mahekalu kadhaa ya Tamil Nadu yamesafishwa kwa kupuliziwa mchanga kwa mashine. Masizi yanatoka, na ngozi ya jiwe inatoka nayo. Herufi iliyochongwa kwa kina kidogo hairudi tena. Brashi laini, maji na subira vinatosha.

Muda unanibana. Michoro ya Chola iliyofunikwa na ya enzi za Nayak, watawala waliokuja baadaye, ikaonekana tena 1931, tutaiacha. Yule fahali Nandi wa jiwe moja pale mbele pia ni wa enzi za Nayak, karne kadhaa baada ya Rajaraja, kwa hiyo msimhesabie yeye. Na sherehe ya kulitakasa upya hekalu Februari 2020 ilitanguliwa na kesi juu ya lugha ya ibada. Mahakama ikaruhusu Kisanskriti na Kitamil pamoja.